Magamba kwa Baiskeli: Ukodi, Ununue Mtumba au Mpya?

Baiskeli ya njano niliinunua Jumamosi mchana kwa shilingi 350,000, mpya, bado ina maboksi kwenye fremu. Jumapili ya wiki iliyofuata ilikuwa imekwisha. Dukani ilinivutia kwa kila kitu: shokapu mbele na nyuma, gia 21, breki za diski, maandishi makubwa ubavuni. Ndani ya msitu wa Magamba, kwenye kijia kilichojaa mizizi kinachoteremka kurudi Lushoto mjini, mkono wa pedali ya kushoto ulianza kucheza. Nikaugongagonga kwa jiwe, ukashika kwa dakika kumi. Halafu shokapu ya nyuma ikaanza kulia kama mlango wa ghala, na lile tundu la pedali likawa limepanuka kiasi cha kuingiza kidole. Kilomita sita za mwisho nilizimaliza kwa miguu, naikokota, na watoto wa shule wananisindikiza kwa huruma.

Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, nina daftari. Ndani yake naandika kila shilingi inayotoka kwa ajili ya baiskeli: nauli, pancha, cheni, hata chai ya fundi. Bei nitakazozitaja hapa ni za daftari hilo, nilizolipa mimi mkazi wa Tanga, na chache ni za rafiki yangu. Wewe ukijua kupatana kuliko mimi, utapunguza.

Kwanza tuelewane njia zenyewe zikoje, maana baiskeli hununuliwa kwa njia. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Mombo unaipandia kwa lami ya kona juu ya kona, kilomita 33 hivi, kupitia Soni. Juu ya mji ndipo ulipo msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Magamba, zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Humo na pembezoni mwake sijaona njia iliyochongwa kwa ajili ya baiskeli. Kuna vijia vilivyokanyagwa na watu: wanaokwenda shamba, wanaobeba kuni, wanaokatisha kwenda sokoni. Vinapita penye mizizi, penye mawe, penye majani yaliyooza yanayoteleza kama sabuni, halafu ghafla vinakutoa kwenye shamba la kabeji la mtu. Ukienda upande wa Irente, kama kilomita sita kutoka mjini, njia ni pana na rahisi, na mwisho wake ni genge linaloangalia tambarare chini kabisa. Ukishika barabara ya udongo ya Mtae, siku nzima ni kupanda na kushuka ukingoni mwa safu ya milima ya Usambara. Ni kazi tatu tofauti. Barabara ya Mtae baiskeli yoyote yenye breki inaipita. Vijia vya Magamba ndivyo vinavyochambua.

Nianze na kukodi, kwa sababu watu wengi huidharau njia hii.

Lushoto nimekodi mara nyingi kwa 20,000 kwa siku. Niliwahi kuambiwa 35,000 na aliyesikia lafudhi ya mwenzangu niliyekuwa naye, nikarudi kesho yake peke yangu nikapewa kwa 20,000 ileile. Baiskeli za kukodi hazifanani hata zikiwa zimepangwa mstari mmoja, kwa hiyo usitoe hela kabla hujazijaribu. Shika breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia usukani unagonga, beringi za shingo zimelegea, rudisha. Inua gurudumu, lizungushe, tazama rimu inapopita katikati ya raba za breki. Ikiyumba kwa unene wa kidole, rudisha. Shika mikono ya pedali, itikise kushoto na kulia. (Hili la mwisho unajua nimelijifunza wapi.) Halafu uliza kama bei ina pampu na tyubu ya akiba. Kama haina, kabla hujalipa, iwe nayo.

Sasa hesabu. Mtumba wangu, ambao ndio napanda hadi leo, niliununua kwa 420,000. Haukuwa tayari kwa mlima: tairi mbili 50,000, tyubu mbili 14,000, cheni 15,000, waya na raba za breki 14,000, ufundi 25,000. Jumla ya matengenezo 118,000, na baiskeli ikawa imenigharimu 538,000 kabla haijaiona Soni. Mwaka wa kwanza ukala 110,000 nyingine za uangalizi. Mwisho wa mwaka mtu aliitaka kwa 300,000, kwa hiyo tuseme hiyo ndiyo thamani iliyobaki. Mwaka mmoja wa kumiliki uligharimu 348,000.

Safari yangu ya kawaida ni siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Nikikodi nalipa 40,000. Nikienda na ya kwangu, konda wa basi anataka 5,000 kwenda na 5,000 kurudi kwa ajili ya kuiweka kwenye buti, na hapo bado inabidi nisimame mwenyewe niizuie isilaliwe na magunia ya karoti. Kwa hiyo kila safari baiskeli yangu inaniokolea 30,000. Gawanya 348,000 kwa 30,000: zinahitajika safari 12, yaani kila mwezi bila kukosa, ndipo mwaka wa kwanza uwe sawa na kukodi. Mimi nilikwenda 9. Hasara 78,000.

Mwaka wa pili mambo hubadilika, kwa sababu mtumba ukishaporomoka bei hauporomoki tena sana. Nilihesabu 110,000 za uangalizi na 60,000 za kushuka thamani, na safari 6 zilitosha kurudisha. Nilikwenda 8, nikaokoa 70,000. Baada ya miaka miwili, kwa mujibu wa daftari, nilikuwa bado nadaiwa 8,000 na uamuzi wangu wa kununua. Mke wangu ameona ukurasa huo.

Kwa anayekaa Dar es Salaam na kupanda milimani mara mbili kwa mwaka, basi, hakuna mjadala: akodi. Anayeishi Lushoto, au anayeendea kazini baiskeli hiyohiyo siku za wiki, ana hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa kila siku anayoipanda inapunguza deni.

Ukiamua kununua, mtumba ndio ninaoupendekeza, lakini neno mtumba linabeba mengi. Kwenye makontena huja baiskeli za Kijapani zenye vikapu mbele, nzuri sana kwa mjini na sokoni, na muuzaji atakwambia kwa uso mkavu kwamba zinapanda mlima. Zinapanda, zikiwa juu ya lori. Unachotafuta ni baiskeli ya milima ya kweli, ya magurudumu ya inchi 26, ya zile zilizotengenezwa kabla viwanda havijahamia kwenye inchi 27.5 na 29. Huko Ulaya na Marekani baiskeli hizo zimepitwa na wakati, ndiyo maana zinakuja kwetu kwa bei ya chini huku fremu zake zikiwa bora kuliko mpya ya bei hiyo. Yangu ina uzito wa kilo 13.5 kwenye mzani wa dengu wa duka la jirani; ya njano ilikuwa 18. Tofauti ya kilo nne na nusu utaifahamu vizuri mahali kijia kinapokuwa na ngazi za mizizi na wewe umeibeba begani.

Ya inchi 26 ina sifa ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote: tyubu yake ipo. Ipo Lushoto, ipo Soni, na mara nyingi ipo kwenye kibanda cha fundi kijijini pamoja na chumvi na viberiti. Nimenunua kwa 7,000 mahali ambapo hata simu haikushika mtandao. Tyubu ya 29 rafiki yangu aliagiza Dar es Salaam kwa 15,000, ikaja na basi siku ya pili yake. Halafu tazama valvu. Ile nene, kama ya pikipiki, inajazwa upepo kituo chochote cha mafuta na kwa fundi yeyote wa bodaboda. Ile nyembamba yenye kijinati juu, inayokuja na baiskeli za gharama, haiingii kwenye mpira wa pampu hizo bila kiunganishi. Ni kitu kidogo kama kofia ya kalamu, bei yake kama ya soda, na usipokuwa nacho Rangwi saa kumi jioni utalala Rangwi.

Kwenye fremu ya mtumba angalia maungio, hasa pale bomba la juu na la chini yanapokutana na shingo. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, tazama kwa tochi ya simu. Ufa huanza kama unywele, na rangi juu yake huvimba kidogo. Fremu ya alumini yenye ufa usikubali ichomelewe, hata fundi aape. Fremu ya kaboni ya mtumba mimi siigusi.

Cheni pima kwa rula, mbele ya muuzaji, hata akikasirika. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni nzima, pini ya 24 baada ya hiyo inaangukia inchi 12 barabara. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ni ya kubadilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, imeshakula na meno ya gia, na hapo bei ya kununulia ishuke.

Sasa breki, na hapa sitafanya haraka.

Lushoto vijana hushusha mizigo ya mbao na viazi kwa baiskeli za Phoenix zisizo na gia, na breki zake zikichoka huvua kandambili na kuikandamiza kwenye tairi la nyuma. Nimewaona wakipita kona za Magamba hivyo, raba inatoa moshi, nao wanapiga soga. Wamezaliwa hapo. Mimi na wewe tunahitaji kitu kingine.

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ya raba zinazobana rimu. Ni rahisi kuliko zote: jozi ya raba 3,000, waya 2,000, na hakuna fundi asiyeijua. Udhaifu wake ni udongo. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hushikamana na rimu, kila unapobana breki unakuwa unaisugua rimu kwa msasa. Wikendi moja ya mvua ilimaliza raba nilizokuwa nimezitumia miezi minne ya kiangazi, na ukiacha, inayofuata kuisha ni rimu yenyewe. Ya pili ni ya diski inayovutwa kwa waya. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na tope, na waya wake ni uleule wa 2,000. Ya tatu ni ya diski inayosukumwa kwa mafuta. Kwa ushikaji haina mpinzani: kidole kimoja kinatosha mteremko mzima, mkono hauchoki.

Rafiki yangu, mhasibu, alinunua baiskeli mpya ya kampuni yenye jina, milioni 2.8, ya inchi 29, gia 12, breki za mafuta. Nimeipanda. Ukitoka kwenye ya kwako na kupanda ile ni kama umetolewa mawe mfukoni. Mwezi wa pili tawi lilichomoa mpira wa mafuta wa breki ya nyuma. Tukaishusha mjini kwa mzee mmoja fundi, mtu wa miaka mingi kwenye kazi yake.

"Shikamoo, mzee. Breki imevuja."

"Marahaba, wanangu. Hii inataka mafuta gani?"

Mwenzangu akasema ya breki. Mzee akainua chupa ya mafuta ya breki ya gari, akaitazama baiskeli, akaitazama chupa, akairudisha chini. "Mimi naweza kutia," akasema, "lakini kama siyo yenyewe, kesho utaniita mwizi."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini ya aina yake. Ukizitia ya gari, raba za ndani huvimba na breki nzima ni ya kutupa. Breki nyingi za zamani za Avid, kinyume chake, hutumia mafuta ya DOT, jamii ileile inayouzwa kwenye duka lolote la spea za magari. Kwa hiyo ukikutana na mtumba wenye breki za mafuta, soma maandishi kwenye kifuniko kidogo cha mpini kabla hujauliza bei. Ya rafiki yangu ilikwenda Dar es Salaam, ikarudi baada ya wiki tatu na bili ya 60,000. Wiki hizo tatu alikodi.

Uamuzi wangu kwa Usambara: diski ya waya. Haikumbatii gurudumu kama ya mafuta, lakini ikifa inafufuka kwa spana ndogo na waya wa kununua kijijini. Mitumba ya inchi 26 yenye mahali pa kufungia diski ipo mingi, ukiwa na subira.

Shokapu nitaisema kwa ufupi. Ya nyuma kwenye baiskeli ya chini ya milioni moja ni pambo lenye uzito. Ya mbele ya bei rahisi ni springi tupu: inashuka na kurudi inavyotaka yenyewe, na ikiingia tope inaganda. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, inunue tairi pana, ya inchi 2.1 au 2.2 yenye meno yaliyoachana ili tope lipate pa kutokea, na upunguze upepo. Mimi nina kilo 72, natia upepo wa psi 32 nyuma na 28 mbele, na mizizi inapita chini kimya. Nikipunguza zaidi ya hapo, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Kiraka na solusheni ni 1,000 kwa fundi; ukijifunza mwenyewe, boksi la viraka la 3,000 linakwenda mwaka.

Kofia ngumu nunua mpya, tafuta ndani yake alama ya EN 1078 au CPSC, na ya mtumba usichukue, huijui imeanguka wapi. Baiskeli za umeme bado sijazihesabia, maana milimani betri ikiisha unabaki na kilo zaidi ya 20 za kusukuma. Ada ya kuingia hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo (control number), raia akilipa pungufu ya mgeni. Anayekwambia umpe yeye mkononi, mwepuke. Kiongozi wa njia alinigharimu 30,000 mara ya kwanza, tukagawana wanne. Mara ya pili sikumhitaji, mara ya tatu ukungu wa Julai ulinipoteza saa mbili na nikatamani ningekuwa naye.

Msimu nao ni bei. Masika, Machi hadi Mei, naiacha baiskeli nyumbani. Udongo ule hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mfereji unaouchora kwenye kijia leo ndio maji yatakayoufuata kesho kuelekea kwenye shamba la mwenye kabeji. Septemba na mwanzo wa Oktoba njia zimekauka na baridi imepungua. Raba za breki zinadumu, mabasi yana nafasi kwenye buti. Wakati huo funga kengele kwenye usukani, ya 2,000, na ukikutana na mama mwenye mzigo wa kuni kijiani, wewe ndiye unayeshuka.

Ile ya njano bado ipo uani, imeegemea mpapai. Nimeitoa mkono wa pedali, nimeitoa tairi, kiti chake kiko kwenye baiskeli ya binti yangu. Anayehitaji kengele na taa ya nyuma aje azichukue bure. Fremu sitamuuzia mtu.